Kukamata si Neno Moja

Kila aliyepita shuleni huku kwetu ajua kwamba lugha ya Kifaransa ina vitenzi vichache vilivyo kama punda: hubebeshwa kila mzigo, wala havilalamiki. Kimoja ni faire, kingine ni mettre. Lakini kwa maoni yetu, kinachovishinda vyote kwa kubeba ni prendre. Fungua kamusi yoyote kubwa ya Kifaransa, utakuta kitenzi hicho kimepewa safu kadha za maandishi madogo, maana juu ya maana. Na mtoto wa Uvira akimwuliza mwalimu wake maana yake kwa Kiswahili, jibu ni moja tu, nalo hutolewa upesi: "Ni kukamata." Mtoto aandika katika daftari yake: prendre, kukamata. Kengele yalia, watu waenda nyumbani.

Sisi tuliofundisha Kifaransa miaka mingi huku mwambao, twaona kwamba hapo somo halijaanza bado.

Tazameni, wasomaji. Prendre du pain ni kutwaa mkate. Hapo hatuna shida. Lakini prendre le bateau, kama wafanyavyo wasafiri wa Kalemie pale bandarini Kalundu, si kuitwaa meli, ni kuipanda. Prendre une photo ni kupiga picha. Prendre la température ni kupima homa. Prendre la parole ni kuanza kusema, prendre congé ni kuaga, prendre la fuite ni kutoroka, prendre femme ni kuoa. Prendre une décision ni kukata shauri: Mfaransa hulitwaa shauri, sisi twalikata kana kwamba tuna kisu mkononi. Prendre de l'âge ni kuzeeka, na uzee hakuna aliyeutwaa kwa mikono yake mwenyewe. Lakini inayotuchekesha kuliko zote ni prendre froid. Mfaransa asema yeye ameitwaa baridi. Kumbe sisi twasema mtu ameshikwa na mafua, yaani yeye ndiye aliyetwaliwa! Tumewahi kuandika maneno ya namna hii hata ubao ukajaa juu mpaka chini, na kesho yake watoto wakaja na mengine. Hata saruji ya mwashi, ikianza kuwa ngumu, Mfaransa hutumia prendre. Nasi twasema imeshika. Hapo lugha mbili zimekutana njiani zikapeana mkono.

Wala si Wafaransa peke yao walio na punda wa namna hii. Mapadre Waxaveri waliofika Uvira mwaka 1958 kutoka Italia walikuja na prendere yao, ndugu wa damu wa prendre, kwa kuwa wote wawili ni watoto wa neno la Kilatini prehendere, maana yake kushika kwa mkono. Waingereza wana take. Jirani zetu Warundi, ng'ambo ya mto Ruzizi, wana gufata: kwa neno hilo moja Mrundi hushika mkono wa mtu, hunywa dawa, na hutia mwizi nguvuni. Tena katika Kilingala, ambacho askari wa Kongo wamekisema tangu zamani za Wabelgiji, kamata ndilo neno la kila siku la kutwaa kitu.

Basi, nani atashangaa ikiwa Kiswahili cha ufuko huu kimefuata njia hiyohiyo? Kiswahili chetu kilifika na misafara ya biashara iliyotoka Ujiji katika karne ya 19. Burton na Speke walipofika Uvira kwa mitumbwi mnamo Aprili 1858, walikuta wafanyabiashara wamekwisha kupajua. Neno kamata lilikuja likiwa na maana yake ya pwani. Kisha likakaa katikati ya gufata, Kilingala na prendre, likapokea kazi za wenzake wote. Leo twasema kamata kiti, kamata feza, kamata motokari, kamata njia ya Fizi. Vijana wasema safari inakamata saa mbili, na hapo unamwona Mfaransa amejificha nyuma ya mlango. Wengine hudharau maneno hayo wakiyaita Kingwana. Sisi hatuyadharau. Lugha inayotosha kwa kuuza samaki, kuposa na kuzika wafu ni lugha kamili.

Hata hivyo inafaa tujue neno lenyewe lilitoka wapi. Bibi E. O. Ashton, katika sarufi yake ya Kiswahili ya mwaka 1944, aliweka katika fungu moja vitenzi kama kufumbata, kupakata na kukamata. Ule mwisho wa -ta waonyesha kwamba vitu viwili vimegusana na kushikamana. Kufumba ni kufunga. Kufumbata ni kufunga kitu ndani ya mkono. Kupaka ni kuweka kitu juu ya kingine. Kupakata ni kuweka mtoto mapajani asianguke. Na kukama ni kubana kwa vidole, kama afanyavyo mfugaji kwenye chuchu ya ng'ombe. Basi kukamata, kwa asili yake, ni kubana kitu kisitoke. Ndiyo maana kwa mtu wa Tanzania neno hilo lina harufu ya pingu: polisi hukamata mwizi, paka hukamata panya. Kikombe cha chai hupokewa.

Tukitaka kuona neno hili limetupokonya nini, tuangalie asubuhi moja tu huku ziwani. Mwanamke ashuka majini, ateka maji. Wavuvi warudi na taa zao zimezimwa; usiku kucha wamevua ndagala. Mtoto aokota embe lililoanguka, mwenzake apanda mtini kuchuma lililo juu. Bibi ang'oa muhogo nyuma ya nyumba, na kule bonde la Ruzizi watu wavuna mpunga. Mfugaji akama ng'ombe. Mama apakua ugali, mgeni anawa mikono, amega tonge. Dada apakata mtoto, kaka ampokea baba mzigo wake. Hebu hesabuni vitenzi hivyo. Kila kimoja kina picha yake: ukisikia kuokota, umekwisha kuona mtu ameinama, ukisikia kuchuma, umemwona ameinua mkono. Sasa badilisheni vyote mweke kamata. Kamata maji, kamata ndagala, kamata embe, kamata muhogo, kamata ugali. Mambo yaeleweka, ndiyo, lakini watu wametoweka. Imebaki mikono tu. Wala tusimwonee Mfaransa: naye ana puiser kwa maji, cueillir kwa matunda, traire kwa maziwa. Ila shuleni mtoto hufundishwa prendre kwanza, na wengi hutoka shuleni kabla ya kufika kwa hao wengine.

Msomaji atasema, "Hayo ni mapambo ya walimu, mtu akipata embe lake, kuchuma au kuokota kuna tofauti gani?" Haya, twende kwenye zahanati.

Katika Kifaransa, mgonjwa prend dawa, nayo yaweza kuwa kidonge, maji ya chupa, au unga. Mwuguzi aliyesoma kwa Kifaransa hugeuza neno kwa neno: "Mzee, ukamate hii dawa mara tatu kwa siku." Tunamjua mzee mmoja aliyeambiwa hivyo katika zahanati moja ya mwambao, ambayo hatutaitaja. Akapewa vidonge vya asubuhi, akavitia mfukoni. Saa sita akarudi. Jioni akarudi tena, amechoka, amekuja kukamata dawa kwa mara ya tatu, na vidonge vya kwanza bado vimo mfukoni, havijaguswa. Watu walicheka. Hawakucheka mama mmoja alipompa mtoto wake kunywa dawa ya upele iliyokuwa ya kupaka, kwa sababu naye aliambiwa aikamate asubuhi na jioni. Mtoto alitapika usiku mzima, akapona kwa neema ya Mungu.

Kiswahili kina maneno ya kutosha ya kazi hiyo: kumeza, kunywa, kutafuna, kupaka, kudungwa sindano. Na Uvira ni mji ambao kipindupindu hurudi mara kwa mara, kwa hiyo si neno la mchezo. Mwenye kuhara anapopewa ule unga wa chumvi na sukari, mama yake aambiwe wazi kwamba unga unachanganywa katika lita moja ya maji safi, kwamba mgonjwa anywe kidogo kidogo, na akitapika angojewe kidogo kisha anywe tena. Ukimwambia "akamate," hujamwambia kitu.

Lakini tuseme kweli yote: hata Kiswahili kilicho bora kina vivuli vyake. Mwuguzi akisema "twende tukutoe damu," je, mgonjwa ndiye anayetoa, au ndiye anayetolewa? Anayemtolea ndugu yake damu ya kumwokoa, na anayechomwa sindano ili damu yake ipimwe, wote "wametoa damu." Mfaransa hapa ametushinda, maana yeye hutenga donner na prendre. Tumesikia watu wakikimbia hospitali kwa hofu ya damu yao, na hatudhani kwamba ni ujinga tu. Hawakuelezwa kama watarudi na damu yao au bila damu yao. Vivyo hivyo na kuteka: mwanamke huteka maji, na jeshi huteka mji, na waliotekwa huitwa mateka. Ni neno moja kwa mtungi na kwa mji.

Na kuhusu mji kutekwa, huku kwetu hatuhitaji kamusi. Vita vilipoanza mwaka 1996, Uvira ilitwaliwa katika siku za mwisho za mwezi wa Oktoba. Watu maelfu walivuka ziwa kwa mitumbwi na mashua wakafika Kigoma. Serikali ya Tanzania na Umoja wa Mataifa waliwapokea, na kambi ya Nyarugusu, katika wilaya ya Kasulu, ikafunguliwa mwaka uleule. Ya Lugufu ikafuata mwaka 1997. Sisi nasi tulivuka. Huko ndiko tulikojua kwamba neno tulilolibeba kutoka nyumbani lilikuwa limevaa nguo nyingine.

Wazee wa Ujiji walituelewa bila taabu, kwani wengi wao babu zao walitoka ufuko huu wa Kongo. Lakini waliotumwa kutoka mikoa ya mbali kufanya kazi kambini walisikia Kiswahili chetu kama mtu anavyousikia wimbo anaoujua ukipigwa kwa ngoma asiyoijua. Siku za kwanza mama mmoja wa kwetu, amechoka kwa safari, alimnyoshea mwuguzi mtoto wake akasema, "Dada, kamata huyu mutoto." Mwuguzi alirudi nyuma hatua moja. "Nimkamate? Amefanya kosa gani, mama?" Walicheka wote wawili, na mtoto akapokewa. Tulilisimulia jambo hilo kambini miezi mingi.

Ziko siku ambazo hapakuwa na kicheko. Kila mkimbizi hupaswa kueleza kwa nini alikimbia, na maelezo yake huandikwa. Karatasi hiyo humfuata popote aendapo. Katika ofisi moja tulimsikia mwanamke akisema, "Njiani waaskari walinikamata." Karani akaandika kwamba alikamatwa na askari. Kisha akauliza kama ilivyo kawaida: "Ulifungwa wapi? Siku ngapi?" Mwanamke akajibu kwamba hakufungwa. "Kwa hiyo walikuachilia?" Akanyamaza. Karani, ambaye hakuwa mtu mbaya, akaanza kuandika kwamba maelezo yake hayalingani.

Mkalimani siku ile alikuwa binti wa Uvira. Aliomba ruhusa, akamgeukia yule mwanamke, wala hakutumia Kiswahili cha kitabu. "Yaya, walikukamata namna gani?" Mwanamke akatazama chini. "Walinikamata kwa nguvu." Karani akasema, kwa upole kabisa, "Lakini, mama, kukamata siku zote ni kwa nguvu."

Huku kwetu hakuna mtu mzima asiyefahamu maneno yale. Mwanamke wa mwambao akisema alikamatwa kwa nguvu, hasemi habari za pingu wala gereza. Ndilo neno la haya analoweza kulitamka mbele ya wageni na mbele ya watoto wake, kwa jambo ambalo watu wa Tanzania huliita kubaka. Yule binti alimwinamia karani akamtamkia neno hilo polepole. Karani akakata mstari aliokuwa ameuandika. Mambo yote yakabadilika baada ya hapo: mwanamke akapelekwa kwa mganga, na maelezo yake, ambayo dakika tano kabla yake yalionekana hayalingani, yakalingana tangu mwanzo hata mwisho.

Tangu siku ile tulianza kusikiliza neno hilo kwa sikio jingine. "Walimukamata bwana yangu": walimtia kifungoni, au walimchukua kubeba mizigo yao, au walimwingiza jeshini? "Walikamata mbuzi": walinyang'anya. "Walikamata kijiji": waliteka. "Alikamata mutoto wangu": huyu yawezekana alimwokoa, alimpokea mikononi mama alipokuwa akianguka! Tendo la mwovu na tendo la mwema limetiwa katika neno moja, na anayesikia kwa haraka ataandika lolote.

Mtu asidhani kwamba ni shida ya ng'ambo tu. Hapa Kongo mashahidi husema kwa Kiswahili, na karani wa mahakama huandika kwa Kifaransa, kwa kuwa ndiyo lugha ya kazi za serikali, ijapokuwa katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba kuwa lugha za taifa. Mwanamke asema alikamatwa. Karani aandika prendre, na Kifaransa nacho kina njia yake ya kufunika. Sheria mbili za Kongo za tarehe 20 Julai 2006 zilieleza wazi zaidi makosa ya ubakaji, kila tendo na adhabu yake. Sheria yataka tendo lijulikane, na prendre halilitaji. Mnamo Februari 2011 mahakama ya kijeshi ilikaa Baraka, kusini mwetu kwenye ufuko huuhuu, ikamhukumu luteni kanali mmoja kifungo cha miaka 20 kwa unyama uliotendwa mjini Fizi siku ya kwanza ya mwaka ule. Wanawake makumi kadha walikuja kutoa ushahidi. Kila jambo walilolisema ilibidi livuke kutoka midomoni mwao mpaka kwenye karatasi za Kifaransa. Sisi hatukuwapo, lakini twajua kwamba katika kivuko cha namna hiyo mkalimani mzuri ana thamani kama wakili.

Tuwape walimu jambo moja la kupendeza kabla ya kuacha. Neno prison, gereza, nalo ni mtoto wa prehendere ileile ya Kilatini iliyozaa prendre. Zamani lilikuwa na maana ya tendo la kushika mtu. Baadaye likawa jina la nyumba anamotiwa aliyeshikwa. Apprendre, kujifunza, na comprendre, kufahamu, ni ndugu zake pia, kwa maana mwenye kufahamu ameshika jambo akilini. Nasi twamwuliza mtoto, "Umeshika?" Kwa hiyo gereza na shule ni ukoo mmoja, na watoto wetu tulipowaambia hivyo walisema walikuwa wakijua siku nyingi.

Darasani twafanya hivi siku hizi. Prendre likitokea katika somo, hatuandiki maana yake mpaka mtoto aonyeshe kwa mikono yake tendo linalosemwa. Akiinama, twaandika kuokota. Akiinua kikombe, twaandika kunywa. Mikono ikikosa la kufanya, kama katika prendre patience, tunakaa na kushauriana. Wengine walileta kuvumilia, wengine kutulia, na mtoto mmoja wa Kilibula alileta kungoja bila kununa, nasi tukaiacha ubaoni hata mwisho wa juma. Wala hatumkatazi mtu kusema kamata kiti. Atasemaje na mama yake?

Limebaki neno moja ambalo bado tunalitafutia mwenzake: prendre sur soi. Mfaransa hulitumia kwa mtu aliyejizuia asilie au asikasirike, na pia kwa mtu aliyekubali kubeba lawama au kazi isiyokuwa yake. Kujitwika lafaa kwa mzigo, lakini halifai kwa machozi. Kujizuia lafaa kwa machozi, halifai kwa mzigo. Wasomaji wa Makobola, Baraka na Fizi, na ninyi mliorudi kutoka ng'ambo na Kiswahili cha kule, tuandikieni mwasemaje kwenu.